Upupu upo, kidonge hakipo: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya, pamoja nanyi mnaosimamia dawa, tiba asili na utafiti wa magonjwa ya binadamu, shikamooni.

Ninawaandikia kutoka Masasi, nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu, saa nane mchana, jua kali na wateja hakuna. Sina shahada. Nina cheti cha utoaji dawa kilichotundikwa ukutani kwa msumari wa baba, na baba mwenyewe ndiye sababu ya barua hii.

Baba ni fundi seremala. Vitanda vya nusu ya mtaa wetu vimetoka mikononi mwake. Zamani aliandika vipimo kwa penseli juu ya ubao kabla hajaukata, tarakimu kubwa unazozisoma ukiwa barazani. Ugonjwa ulianzia hapo, ingawa hatukuutambua. Tarakimu zilianza kunywea. Mwaka wa kwanza zilipungua kidogo, mwaka wa pili zikawa kama sisimizi, na siku moja alikata mlango wa mteja ukapungua inchi mbili kwa sababu alishindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Baadaye ndipo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, hasa ukiwa umetulia juu ya paja, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Kisha hatua zikawa fupi, miguu ikaburuzika, uso ukakauka. Wateja wakasema fundi siku hizi ana maringo, ukimsalimia hatabasamu. Wengine wakasema amerogwa na fundi mwenzake. Kuna waliosema ni pombe, na baba hajawahi kuonja hata togwa lililochacha.

Tulizunguka miaka mitatu. Tulipewa dawa za malaria, za presha, za mishipa, na hirizi mbili. Mwisho tukapanda basi hadi Dar es Salaam, ambako daktari mmoja kijana alimwambia baba atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, kisha akamshika kiwiko na kuukunja mkono taratibu. Hakutumia mashine yoyote. Dakika ishirini, akatuambia ni ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, maji ya kulainisha mwendo wa mwili, na chembe hizo kwa baba zilikuwa zinakufa polepole. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa imeshakwenda. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Ila ipo ya kujaza pengo, inaitwa levodopa, na humezwa ikiwa imeunganishwa na kabidopa.

Siku ya tatu ya kumeza kile kidonge, baba alifunga vifungo vya shati peke yake. Mama alitoka nje akajifanya anaanika nguo.

Sasa Mheshimiwa, niseme lililonileta. Kidonge kile kilidumu nyumbani kwetu miezi miwili. Cha mwezi wa tatu hakikupatikana hospitali tuliyoelekezwa, wala duka lolote la hapa, nikiwemo mimi mwenyewe, maana siruhusiwi kukiweka na hata ningeruhusiwa, nani angekileta? Tukawa tunaagiza kwa kondakta wa basi kutoka Dar. Huku kwetu hesabu za mwaka zinakwenda kwa msimu wa korosho, na baba alikoma kuhesabu dawa kwa shilingi, akawa anahesabu kwa kilo. "Wiki hii nimekula kilo ngapi?" ananiuliza. Malipo ya mnada yakichelewa, kidonge kimoja kinakatwa mara mbili. Yakichelewa zaidi, baba anakaa kitandani kama gogo na mama anamgeuza.

Ndipo upupu ulipoingia nyumbani.

Upupu hauhitaji utambulisho. Kila aliyepita shule ya msingi ama aliumwagiwa ama aliumwaga kwenye dawati la mwenzake, na mwalimu mkuu akauliza paredi nzima. Zile nywele za rangi ya dhahabu kwenye ganda ndizo zinazowasha. Lakini ndani ya ganda mna mbegu ngumu zinazong'aa, na ndani ya mbegu mna levodopa. Narudia kwa sababu watu hudhani nasema kitu kinachofanana na levodopa, au kinachosaidia kama levodopa. Ni levodopa yenyewe, ile ile iliyomo kwenye kidonge cha baba, mara nyingi kati ya asilimia 4 na 6 ya uzito wa mbegu kavu.

Wala si ajabu, kwa kuwa dawa hii ilianza maharageni. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim, huko Uswisi, aliitoa kwenye mimea ya baakla, aina ya maharage makubwa. Akaionja mwenyewe, akatapika, akaandika kwamba haina kazi kubwa. Mwaka 1937 wanasayansi wa India wakaipata kwenye mbegu za upupu. Ikalala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden akawapa sungura reserpini, dawa inayotoka kwenye mzizi wa mmea mwingine wa India, wakalegea kabisa, masikio yameanguka. Akawachoma levodopa, wakainuka. Mwaka 1961, Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz wakawachoma binadamu. Waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakatembea. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ukianza na kiasi kidogo na kupandisha polepole, inamezeka kila siku. Leo inatengenezwa viwandani, haitegemei shamba. Waganga wa India, kwa upande wao, walikuwa wakitumia mbegu za upupu kwa magonjwa ya kutetemeka kabla daktari Mwingereza James Parkinson, ambaye ugonjwa huu una jina lake, hajaandika kijitabu chake cha mwaka 1817.

Kwa hiyo jirani yetu, bibi mmoja anayefahamu miti, alipoleta unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa, sikucheka. Niliogopa, lakini sikucheka. Mama alichanganya kijiko kimoja kwenye uji mwepesi. Nilikaa na saa mkononi. Ilikuwa kama nusu saa, labda na dakika tano, mkono ukatulia. Baba akaomba penseli.

(Baadaye nilikuja kusoma kwamba jijini London, mwaka 2004, wagonjwa 8 walipewa unga wa upupu siku moja na vidonge siku nyingine, bila kujua siku ipi ni ipi. Upupu, gramu 30, uliwahi kufanya kazi kuliko kidonge: karibu dakika 35 dhidi ya 69. Saa yangu haikunidanganya.)

Ningeishia hapo mngepata barua tamu ya kusoma kwenye kongamano la tiba asili. Siishii hapo. Unga wa bibi uliisha, na bibi alikuwa amesafiri kwenda msibani Nachingwea. Tukanunua kwa muuzaji mwingine gulioni, kwenye chupa ya maji iliyokwishatumika, haina maandishi hata moja. Kijiko kile kile, uji ule ule. Baba alitapika hadi akatoa nyongo. Aliposimama, akaanguka. Usiku akaanza maruweruwe: anaona watoto wamekaa juu ya dari, anawaambia washuke watavunjika miguu. Nikampeleka hospitali nikiwa nimeikumbatia ile chupa, na muuguzi akaniuliza swali jepesi kuliko yote: "Mlimpa kiasi gani?" Nikamjibu kijiko kimoja. Akanitazama tu.

Hesabu yake ndiyo hii. Kijiko cha gramu 10 cha unga wenye asilimia 4 kina miligramu 400 za levodopa. Kijiko hicho hicho, unga wenye asilimia 6, kina 600. Ukikaanga sana unapata nyingine. Ukichanganya na unga wa kitu kingine, nyingine tena. Na hapo hujauliza mbegu ni za upupu wa porini au za mukuna, ndugu yake asiyewasha ambaye wakulima wa kilimo hifadhi wanampanda kurutubisha udongo. Wala hili si tatizo la gulio la Masasi peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipima virutubisho 16 vya upupu vinavyouzwa kwao kwenye makopo yenye lebo nzuri: kiasi cha levodopa kwa dozi moja kilikuwa kuanzia miligramu 2 hadi 241. Ukihama kutoka kopo la kwanza kwenda la mwisho umezidisha dozi zaidi ya mara mia.

Ombi langu kwenu, Mheshimiwa, ni neno moja: pimeni.

Nilijaribu kupima mwenyewe. Nilichukua mabaki ya ile chupa na kopo la mbegu za bibi, nikaenda ofisi moja. Wakasema hiki ni chakula, kwetu tunashughulika na dawa. Ofisi ya pili wakasema hii ni dawa ya asili, mwenye dawa aje ajisajili kwanza. Mwenye dawa ni bibi wa miaka sabini na kitu, haiuzi, anaigawa. Ofisi ya tatu walikuwa wastaarabu, wakanipa kiti na maji, wakaniuliza barua ya utafiti na kibali cha maadili. Nikarudi na makopo yangu mawili. Sizitaji ofisi hizo, maana sikuja kushtaki karani. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mujibu wa mlango wake. Baba ndiye hana mlango.

Na vyombo tunavyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Muhimbili wamekuwa na kitengo cha tiba asili tangu mwaka 1974, leo ni taasisi kamili. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mwaka 2020, janga la Uviko lilipoingia, walichanganya na kufungasha dawa ya mitishamba, NIMRCAF, kwa kasi ambayo wengi hatukuitegemea. Yaani tukitaka, mmea unaingia kwenye chupa yenye lebo. Ninachouliza ni kwa nini tunataka wakati wa hofu tu. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe kimoja cha mti wa mugariga. Shangazi yangu alikwenda, alilala barabarani siku nne. Upupu hauna foleni. Una wazee waliokaa kitandani, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye nyumba yake, wakisubiri kuambiwa ni uzee.

Na wazee hao wapo, tena ushahidi wake ni wa hapa hapa. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo lenye watu 161,071, wakachapisha matokeo mwaka 2008: wagonjwa wa Parkinson 33, wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu kwamba wanaumwa nini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 8.5 duniani mwaka 2019. Mei 2022, Geneva, nchi wanachama zikapitisha mpango wa hadi mwaka 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya ubongo na neva, nasi ni wanachama.

Nawaomba msome vizuri: siombi kidonge kiondolewe upupu uwekwe. Kidonge ni bora. Kabidopa iliyomo ndani yake huizuia levodopa isigeuzwe dopamini tumboni na kwenye damu, ambako inaleta kichefuchefu na kushusha presha. Ubongo una geti lake, dopamini haipiti, levodopa inapita. Upupu hauna mlinzi huyo, ndiyo maana unahitaji kiasi kikubwa zaidi. Bolivia, mwaka 2017, wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu zilizokaangwa tu, bila kiwanda, levodopa yake ikiwa miligramu 12.5 au 17.5 kwa kila kilo ya mwili, wakati dawa ya hospitali walipewa miligramu 3.5 yenye mlinzi. Unga haukuzidiwa, na mwili kuchezacheza wenyewe bila mgonjwa kutaka, jambo ambalo dawa hii huleta, kulikuwa kidogo kuliko kwa kidonge. Habari njema. Mwaka uliofuata wakajaribu wagonjwa 14 kwa wiki 16, na nusu yao wakaacha njiani: wengine tumbo, wengine ugonjwa ulizidi. Hiyo nayo ni habari, na mnada wa tiba asili hauitangazi.

Watafiti wale hawakuleta upupu kushindana na kidonge. Waliuleta kwa ajili ya mtu ambaye kidonge hakimfikii kabisa. Mtu huyo ni baba yangu mwezi wa Agosti, kabla ya korosho.

Kwa hiyo la kwanza kabisa ni kidonge. Levodopa na kabidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ni dawa ya zamani, haina hatimiliki ya mtu. Hakikisheni Bohari ya Dawa inaifikisha hospitali ya wilaya, mwezi baada ya mwezi, na kwamba Bima ya Afya kwa Wote itakapomfikia fundi seremala wa Masasi inamkuta na dawa hiyo ndani, si nje ya kitita. Dawa hii haifai kukatizwa ghafla. Mgonjwa anaweza kukakamaa na kupandwa homa kali ya kumuua. Mkiileta miezi miwili na kuikosa wa tatu mnatutia hatarini kuliko mngetuacha. Na mtoaji dawa afundishwe kusema maneno machache: meza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu samaki na maharage hugombania geti lile lile. Baba alikuwa akimeza na kitoweo kwa miezi, sisi tukidhani dawa imechoka. Mimi mwenyewe muuza dawa sikulijua.

Kisha upupu. Kusanyeni mbegu kutoka mikoa: kwetu kusini, Morogoro, Tanga, kando ya Ziwa, na zile za mukuna mashambani. Pimeni kila moja ina levodopa kiasi gani, mbichi na iliyokaangwa, ya mwaka huu na ya mwaka jana iliyokaa kwenye gunia. Andikeni matokeo kwa Kiswahili, yabandikwe pale bibi anapoweza kusomewa na mjukuu wake. Hiyo si kazi ya mabilioni. Maabara ya chuo inayopima dawa nyingine inaipima. Baada ya hapo, madaktari wa neva waamue kama kuna mgonjwa wa kupewa, kwa gramu ngapi, akichungwa na nani. Na hadi hapo, asiruhusiwe mtu kuuza unga wa upupu kama dawa ya kutetemeka bila namba ya miligramu juu ya chupa.

Mtasema wananchi hawataelewa vipimo. Huku kusini tunaifahamu konzo. Miguu ya watoto na kina mama ilikakamaa kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri mwaka wa njaa, na ugonjwa ulirudi Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wakaja na njia ambayo haikuhitaji umeme: lowanisha unga, utandaze mwembamba saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipae, kisha songa ugali. Mama zetu walielewa siku moja. Na ng'ambo ya Ruvuma, Nampula, mwaka 1989, watu walipatwa na wazimu wa ghafla kwa kula mbegu za upupu, kwa sababu vita na ukame viliwanyima maji ya kuzichemsha na kuyamwaga mara kadhaa kama walivyozoea. Wenyeji walikuwa na kipimo chao tangu zamani: maji ya kwanza mwaga, ya pili mwaga. Shida iliwakosesha maji, hawakuwa wajinga. Chakula cha mwaka wa njaa na dawa ya Parkinson ni mbegu moja. Kinachotenganisha ni kiasi.

Nimesoma pia, usiku wakati baba halali, hadithi ya maharage ya Calabar, Nigeria. Waefik waliyaita esere. Yalikuwa maharage ya kiapo, kama mwavi wa wazee wetu: mtuhumiwa anameza, akitapika hana hatia, akifa ndiyo hukumu. Wamisionari wa Scotland wakapeleka mbegu kwao. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, akala kipande, akahisi nguvu zinamtoka, akanywa maji ya sabuni aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike. Mwaka 1864 Wajerumani wakatoa kiini chake, fizostigmini. Kwa kuiga umbo la kiini hicho ikaja kuundwa rivastigmini, inayopewa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau hadi mtu anamsahau mwanawe. Ilikubaliwa Marekani mwaka 2000. Mbegu iliondoka bandarini, elimu ikafuata mbegu, na dawa inarudi kwenye kisanduku chenye jina la kampuni ya Ulaya.

Ila ipo hadithi nyingine, ndiyo ninayotaka mwibebe kikaoni. Bulgaria si nchi kubwa, na miaka ya 1950 haikuwa tajiri. Kuna ua dogo jeupe linachipua theluji ikianza kuyeyuka. Dimitar Paskov na wenzake wakalishughulikia, na mwishoni mwa muongo ule wakawa na dawa, galantamini, wakiitumia kwa waliopoozwa na polio. Ua lilipokuwa halitoshi wakatafuta ndugu yake mkubwa wa mabondeni, lenye kiini kingi zaidi. Mwaka 2001 dawa hiyo ikakubaliwa Marekani kwa ugonjwa wa Alzheimer. Hawakusubiri mtu aje awatengenezee dawa kutoka kwenye ua lao.

Mkiamua kuanza, anzeni na wenye miti wakiwa mezani. Yule bibi ana jicho la kuchagua mbegu ambalo mimi sina. Anazitingisha sikioni, nyingine anazitupa. Sababu hajanieleza, na ana haki ya kutonieleza mpaka kuwe na karatasi inayosema elimu yake ni yake na kijiji chake kitapata nini kikitokea kitu. Wakulima wa mukuna nao wajue mapema kama kutakuwa na soko au hakuna, wasije wakang'oa mikorosho kwa uvumi. Tumeshaona mazao mengi ya uvumi.

Baba anaendelea. Wiki hii kidonge kipo, kondakta alileta juzi. Anafanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa nne, dawa ikiwa imeshika, halafu anampa kijana wake randa na kukaa pembeni kumwelekeza. Vipimo anaviandika kijana. Baba anavikagua kwa kidole, anapapasa alama ya penseli kama kipofu anayesoma, na akikuta inchi imepotea anasema hapana, rudia.

Mbegu ninazo. Ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, kavu, nimeandika mahali zilikochumwa na tarehe. Kopo la pili lina mabaki ya ile chupa ya gulioni, nalo nimeliandika. Mkimtuma mtu, aje asubuhi mapema, kabla ya saa moja na nusu, baba akiwa hajameza. Aje na mizani.

Wasalaam,
Mtoa dawa, mtoto wa fundi seremala
Masasi, Mtwara